Kisanduku Kinacholisikiliza Lori

Saa saba na nusu mchana, na kwenye kituo cha kununulia majani chai cha Gathanga, milimani nje ya Othaya, watu hawaongei. Ajabu hiyo! Wakulima wanaongoja lori la kiwanda kwa kawaida hupiga soga mpaka ndege wahame miti. Leo wako kimya mbele ya kisanduku cha mbao kilichotundikwa juu ya mizani. Mikono inachambua majani, masikio yako juu.

Ndani ya kisanduku, bwana harusi anaingia uani kwa wakwe. Wasichana wamepangwa mbele yake, wamefunikwa leso kutoka utosini hadi vidoleni. Mmoja wao ni mchumba wake. Akimkosa, atatozwa faini ya mbuzi, na aibu juu.

"Huyo wa tatu! Angalia miguu!" anafoka cucu mmoja, nyanya mwenye mvi, kana kwamba kisanduku kina masikio.

Kumbe kinayo kweli, ila si ya kumsikiliza yeye.

Nyuma ya nguzo amejibanza aliyekiunda kisanduku, akaiandika hadithi, akaigiza sauti zote na kupiga gitaa la mwanzo. Ni Ivy Watiri, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa elektroniki katika chuo kimoja mjini Nyeri. Anatafuna kucha. Afisa wa kiwanda amekuja kujionea mwenyewe, na amesema bila kupepesa macho: kisanduku kikichelewesha chai leo, kinashushwa na hakirudi tena.

Watiri anapenda mambo mengi. Ameandika hadithi tangu shule ya msingi, anachora, na redio ya jirani ikikohoa huletwa kwake. Mama yake, Njoki, ambaye chai yake ndiyo inayomsomesha, amechoka kumwona akirukia hiki na kile.

"Mshika mbili moja humponyoka," humwambia. "Sasa wewe umeshika ngapi? Ati leo gitaa, kesho waya, kesho kutwa karatasi! Chagua moja, Watiri."

Kisanduku kilizaliwa wakati wa likizo, Watiri alipokuwa akimsaidia mama kuchuma. Alichoka kungoja lori kuliko alivyochoka kuchuma.

"Nilikuwa niko na hadithi na sina msomaji hata mmoja," anasema. "Na hapa kuna watu wako na masaa mengi na hawana kitu ya kufanya. Nikajiuliza, si hawa ndio wangu?"

Alimwomba Dedan Mwai, karani wa kituo, ruhusa ya kutundika spika yake kila Jumamosi. Dedan alikubali akidhani watu watachoka upesi. Wapi! Jumamosi ya tatu walikuja hata wasio na chai ya kuuza.

Halafu ukaja mwezi wa Aprili, na huyu bwana harusi.

Siku hiyo lori lilifika mapema, bwana harusi akiwa ndio kwanza ananyoosha mkono aifunue leso. Mugendi, dereva, alipiga honi. Hakuna aliyegeuka. Akapiga tena.

"Ngoja achague!" wakamjibu kwa pamoja, watu wazima na akili zao.

Majani yalikuwa bado sakafuni, hata gunia moja halijajazwa. Kwa kuwa walichelewa, lori nalo lilichelewa vituo vyote vya mbele, na majani ya kituo cha mwisho yakapata joto yakaharibika. Kiwanda kiliyakataa. Watu ambao hawakuwahi kusikia hata neno la hadithi hiyo walirudi nyumbani mikono mitupu.

Kisanduku kilishushwa siku iyo hiyo, na sehemu ile haikumalizwa kuchezwa.

"Nilichoma picha kabisa, aibu tupu," Watiri anasema, na machozi yanamlengalenga hata sasa. "Kuna mama alichuma tangu asubuhi na mvua, na chai yake ikamwagwa kwa sababu ya maneno yangu. Nilitaka kuacha kuandika."

Njoki hakumpa pole. Alimwambia ahitimu kwanza, na hizo hadithi azifungie kabatini.

Watiri alitii wiki nzima. Kisha akaenda Othaya, malori yanakoegeshwa, kumwomba Mugendi msamaha. Mugendi alimkaripia hadi akaishiwa na maneno. Halafu akakuna kichwa.

"Na huyo kijana," akauliza kwa sauti ya chini, "alichagua nani?"

Watiri anacheka akikumbuka. "Nikamwambia, mzee, utajua siku kisanduku kitarudi. Lakini kwanza unikubalie niweke kitu kidogo kwa lori yako."

Kitu chenyewe ni kifaa kidogo cha redio. Lori linapovuka daraja la chini, mawimbi yake hukifikia kisanduku, nacho hukatisha hadithi kwenye pumziko linalofuata na kuwaita watu kazini. Mwanzoni mawimbi yaligonga kilima yakafia huko, mpaka Watiri alipoupandisha waya wa kunasia mawimbi juu ya mti wa mukima. Lililomtoa jasho zaidi ni uandishi. Ilimbidi aivunje hadithi yote na kuiandika upya kwa vipande vifupi, kila kimoja kiweze kuwa mwisho na bado kimwache msikilizaji na kiu.

"Fundi peke yake hangeweza," anasema. "Na mwandishi peke yake hangeweza."

Basi tumerudi pale pale. Bwana harusi anaikaribia leso ya tatu. Ananyoosha mkono. Cucu ameshika kifua. Na hapo gitaa linalia, na sauti ya Watiri inasema: "Lori limevuka daraja. Jazeni magunia, tukutane Jumamosi."

Kelele zinazopigwa si za kawaida! Wanalalama, wanamtukana bwana harusi, lakini mikono tayari iko kazini. Lori linapokata kona, magunia yamejaa, yamepimwa, yamesimama mstari mmoja. Mugendi anaruka chini kabla injini haijanyamaza.

"Amechagua nani?"

"Hata sisi hatujui!" wanamjibu, na kituo kizima kinaangua kicheko.

Afisa anatazama saa yake, kisha anamgeukia Dedan. "Kiacheni hapo juu," anasema. "Na kituo cha mbele wanataka chao."

Watiri anaruka kama mtoto. Mpango wake ni kumaliza chuo, halafu akapeleke visanduku Mwea, kwenye vinu vya mpunga, ambako nako watu hungoja zamu hadi wakasinzia. "Wale nao niko na hadithi yao," anasema.

Njoki, aliyekuwa pale pale na chai yake, anangoja mpaka wamebaki wawili njiani, kikapu kitupu mgongoni.

"Sitakuambia uchague tena," anasema hatimaye.

"Asante, Mami."

Wanatembea kidogo. Mama anatazama nyuma, anahakikisha hakuna anayewasikia.

"Lakini mimi ni mama yako. Niambie mimi tu. Ni wa tatu?"

"Jumamosi, Mami."

Njoki anasonya, anapandisha kikapu. "Basi Jumamosi nakuja mapema," anasema. "Hao wengine watanikuta nimekaa mbele."