Humo Ndani Ndiko Kazini

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilikuwa nimeketi uani kwa wifi yangu Tatu, hapa hapa Bagamoyo, na sinia la vitunguu mapajani na kisu mkononi. Tulikuwa tunatayarisha arusi ya bintiye. Wanawake tumejaa, vicheko vimepamba moto, macho yananichuruzika machozi ya vitunguu. Simu ikalia. Nikafuta mkono mmoja kwenye kanga, nikapokea. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, tulivu kabisa.

"Saada mwanangu, ni mimi, mama yake Salma. Nipo hapa uwanja wa ndege. Hawa vijana wanasema jina langu halimo."

Nilihisi kisu kinanitoka mkononi.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, usije ukala mchuzi bila wali. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa katibu muhtasari wa kampuni moja Dar es Salaam, na kampuni ilipohamishia ofisi zake bara, mimi sikuhama. Mume wangu alikuwa mwalimu hapa mjini, na nyumba yetu ndiyo kwanza ilikuwa imeezekwa. Nikanunua kompyuta ndogo na modemu ile ya kuchomeka pembeni, nikaanza kufanya ukatibu nikiwa nyumbani. Siku hizi ninyi mna jina lenu, wasaidizi wa mtandaoni, na mna vikundi na mafunzo. Sisi hatukuwa na jina. Nikiulizwa kazi yangu nilisema nafanya vitu vya kompyuta, watu wakadhani nacheza karata.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa huyo Salma. Ni mzaliwa wa Pangani, aliolewa Maskati, na huko alikuwa akiuza mabuibui na manukato kwa mtandao. Mimi nilimjibia wateja, nilimpangia mizigo, nilimtunzia miadi. Alikuwa mwema sana kwangu. Hakuwahi kuniuliza naanza saa ngapi wala namaliza saa ngapi.

Hapo ndipo nilipoponzeka. Ofisini nilikuwa nasifiwa, mwanangu. Saa moja na nusu ya asubuhi mimi nipo mezani, majalada yamenyooka kama jamvi la msikitini. Nikadhani nidhamu ile ni yangu, kumbe ilikuwa ya ofisi. Nilipoondoka, niliiacha kule kule pamoja na kiti.

Nyumbani nilifungua kompyuta nikiwa bado na kanga ya kulalia. Najibu barua mbili, nakumbuka nazi haijakunwa. Nakuna nazi, nakumbuka mzigo wa Salma. Sikuandika jambo popote. Yote nilibeba kichwani, na kichwa si kapu. Halafu kila asubuhi Tatu hupiga hodi. "Wifi, twende sokoni." "Wifi, nishikie mtoto." "Wifi, nisindikize zahanati." Nikisema nina kazi, hucheka kwa mapenzi kabisa: "Kazi gani na wewe upo tu nyumbani?" Na mimi nilikuwa nainuka. Siwezi kumlaumu. Mtu hakuheshimii saa yako kama mwenyewe huijui ni ipi.

Basi Salma akapata ujauzito. Alikuwa ameusubiri miaka minane. Akataka mama yake, Bi Mwanakombo, awe naye siku ya kujifungua. Akanikabidhi mimi safari nzima: pasi, kibali cha kuingia, tiketi. Nafasi ya ndege ilikuwa imeshikiliwa mpaka Jumanne adhuhuri, na kilichobaki ni mimi kuingia mtandaoni na kuithibitisha. Ni kazi ya dakika kumi, mwanangu. Dakika kumi tu.

Jumanne ile nilikuwa nimeshafungua ukurasa wenyewe. Salma akaniandikia: "Vipi, ya mama tayari?" Kabla sijajibu, Tatu akaita nje kwamba gari linatungoja, tunakwenda kuchagua vitenge vya sare. Nikawaza, nitathibitisha nikirudi, si muda mrefu. Nikamwandikia Salma: "Tayari, dada." Nikafunika kompyuta, nikatoka.

Sikurudi mpaka alasiri, na niliporudi nilikuwa nimesahau. Ukishaambiwa jambo limekwisha, hata kama aliyekuambia ni wewe mwenyewe, moyo hulala.

Sasa unaelewa kwa nini kisu kilinitoka.

Nilifika uwanja wa ndege ndege ikiwa imeshaondoka. Nilimkuta Bi Mwanakombo amekaa kwenye benchi, mgongo wima, begi moja ubavuni na ndoo ya plastiki yenye mfuniko miguuni. Mle ndooni, alikuja kunionyesha baadaye, mlikuwa na asali, tangawizi na pilipili manga aliyoitwanga kwa mkono wake, kwa ajili ya uji wa mzazi. Nikapiga magoti pale pale mbele za watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama usoni, akanitazama miguuni, kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. "Umekula?"

Laiti angenitukana ningepumua. Swali lile linanichoma hadi leo.

Nafasi nyingine haikupatikana mpaka Jumanne inayofuata. Nikamwomba aje kwangu Bagamoyo, akakubali. Njiani nikampigia Salma na kumweleza kila kitu, pamoja na ule uongo. Ningeweza kusema mtandao ulikatika, na wallahi neno hilo lilifika mdomoni. Lakini mama yake alikuwa amekaa kando yangu na ndoo yake. Nikasema ukweli.

Salma akasema, "Kila nilipoumwa mgongo nililisoma lile neno lako, Saada. 'Tayari.' Nikawa najipa moyo kwamba mama anakuja." Akakata simu.

Ijumaa ile Bi Mwanakombo alikaa kwangu akaniona ninavyoishi. Alikuwa mkulima wa mwani kule kwao. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kamba na chumvi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kutazama jambo mpaka liishe. Aliniona nikianza barua nikaiacha, nikikoroga uji nikauacha, nikiitwa na Tatu nikaenda, nikirudi na kujishika kichwa.

Jumamosi asubuhi simu ikalia kutoka Maskati. Nikampa. Sikusikia maneno ya Salma, nilisikia mtoto akilia, sauti nyembamba kama ya bawaba isiyotiwa mafuta. Bi Mwanakombo akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Ni binti? Mkande... mfunike kichwa, mwanangu, mfunike kichwa." Maneno yalikuwa yanamchanganyikia. Alitakiwa awe pale, amfunike yeye.

Alipomaliza alitoka uani, akakaa peke yake kiasi cha mtu kusoma Yasini. Aliporudi akaniita nikae mbele yake mkekani.

"Saada, nimekusamehe, na Mungu ni shahidi. Lakini msamaha bila neno ni kumwacha mtu gizani. Nikuulize. Mimi, ni nani aliyeniajiri?"

"Hakuna, mama. Unajilimia mwenyewe."

"Haya. Sina msimamizi. Hakuna anayenipigia kengele. Lakini bahari ina maji kupwa na maji kujaa, na mwani hufungwa maji yakiwa yametoka. Yakitoka saa mbili, saa mbili mimi nimo ndani na kamba zangu. Akija mtu na shughuli yake namwambia, nikirudi. Hakasiriki, maana anajua maji hayanisubiri. Miaka ishirini nimesomesha watoto hivyo. Kazi yako wewe haina maji. Ndiyo maana kila apitaye mlangoni ndiye maji yako, anakupeleka anakokwenda yeye."

Nikainamisha kichwa.

"Basi yaweke mwenyewe," akasema. "Weka ya kupwa, weka ya kujaa. Na lile neno 'tayari', mwanangu, usilitoe mdomoni kabla mkono haujamaliza. Neno hilo ni amana."

Jioni ile tulihamisha meza. Tuliitoa sebuleni tukaipeleka chumba cha uani kilichokuwa cha magunia, tukafagia, tukafungua dirisha. Bi Mwanakombo ndiye aliyeniagiza nikanunue daftari. Yeye kusoma hakujua sana, lakini alijua kuhesabu kamba zake, na akasema kila siku lazima nijue ninafunga kamba ngapi. Tukakubaliana: naanza saa mbili na nusu, nimeoga, nimevaa nguo ya kutokea. Natoka kwa adhuhuri, naswali, nakula. Narudi mpaka alasiri. Adhana ya alasiri ikilia, nafunika kompyuta.

Jumatatu ilipofika, arusi imeisha, saa tatu hivi nikamsikia Tatu mlangoni.

"Hodi! Shikamoo, mama. Wifi yuko wapi? Nataka turudishe masufuria ya watu."

"Marahaba. Saada yuko kazini," akajibu Bi Mwanakombo, amekaa kizingitini anachambua mchele.

"Kazini wapi? Si namwona kichwa chake dirishani?"

"Humo ndani ndiko kazini."

"Mama naye! Dakika moja tu."

"Hata mimi ndege yangu ilikuwa ya dakika kumi tu, mwanangu. Njoo adhuhuri, utamkuta. Au kaa unisaidie mchele."

Tatu akakaa akachambua mchele. Nilisikia wakizungumza muda mrefu, na adhuhuri nilipotoka, wifi yangu alinishika mkono akasema, "Mbona hukuniambia?" Nami kweli sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nikinung'unika moyoni nikitegemea asikie. Tangu siku ile alikuwa yeye wa kwanza kuwaambia majirani, "Msimwite, bado hajatoka kazini."

Jumanne nilimsindikiza Bi Mwanakombo na ndoo yake. Nilisimama pale kaunta mpaka nikaliona jina lake kwa macho yangu, nikamwona akipita. Ndipo nikamwandikia Salma.

Salma hakunipa kazi tena, mwanangu, na asingekuwa na kosa hata kama asingenisalimu tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niliendelea na saa zangu zile zile hata siku ambazo hakukuwa na mteja. Nilikaa mezani nikajifunza kutengeneza majedwali ya hesabu kwenye kompyuta, nikaandika barua za kuomba kazi. Mwezi wa tatu tangu hapo nikampata bwana mmoja wa Kiwangwa aliyekuwa akikausha mananasi na kuyauza nje. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Mwaka uliofuata akaniandikia mtu wa Maskati nisiyemjua. Alisema kaelekezwa na Salma: "Kaniambia ulikosea, lakini hukumficha." Huyo nimefanya naye kazi miaka kumi.

Juzi umeniambia unafanya kazi tangu kuamka hadi kulala na bado unajiona hujafanya kitu. Najua ulipo, maana nimepita hapo. Kwa hiyo sikia. Jiwekee saa ya kuanza, na uishike hata siku ambayo hakuna anayekungoja. Jiwekee na ya kuacha, maana kazi isiyo na mwisho haina mwanzo pia. Nyumba yako ina haki juu yako na mwili wako vilevile. Kuwa na pahali, hata pembe ya chumba, ambapo ukikaa kila mtu anajua. Waambie wa nyumbani wazi na kwa heshima. Usiwanunie kwa jambo ambalo hujawaeleza. Andika. Kazi nyepesi yenye siku ya mwisho ifanye kwanza, kwa sababu nyepesi ndizo zinazosahaulika. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema kabla hujaulizwa. Utaratibu si pingu, mwanangu. Uhuru niliodhani ninao nilipokuwa sina saa ulikuwa wa jani majini, na uhuru wangu wa kweli niliupata siku nilipoweza kusema "nikirudi" na mtu akanielewa.

Unaweza. Mimi sikuwa na kichwa bora kuliko chako. Nenda kaanze kesho, usisubiri mwezi mwandamo. Mwenyezi Mungu akufungulie riziki iliyo halali, akubarikie mikono yako na saa zako, akupe wateja wenye huruma na ulimi usiosema lisilokuwa. Na wote wanaokutegemea, walio karibu na walio ng'ambo, walale kwa utulivu wakijua jambo lao liko kwako. Amin.