Mawe ya Ukomando

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishinda. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Nimeanza kubeba magunia Mlandege, mjini, sijaota ndevu, skuli nimeiacha darasa la tatu, na leo maduka mawili hapo hapo Mlandege ni yangu, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini watoto wangu wakitaka nisimulie, hawataki habari za maduka. Wanataka za Bwejuu. Basi naziandika mwenyewe, maana mama yao akisimulia hunipunguzia.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, mimi askari kijana, kifua kama mlango. Asubuhi moja kwenye paredi afande mkubwa akatwambia kuwa wanatafutwa watu wachache wa kikosi maalumu. Makomando! Lakini kwanza kuna kozi ya mchujo: kukimbia na mzigo mgongoni kutwa, kulala kidogo, kula kidogo, na anayeshindwa anarudi kambini na aibu yake.

"Nakupeni likizo mkajitayarishe," akasema. "Ila nikiletewa malalamiko ya raia juu ya mtu yeyote, jina lake nalikata. Sitauliza nani mkweli."

Wenzangu wakatazamana. Mimi moyo ulikuwa unaruka. Mzigo mgongoni? Mimi nilikuwa nikishusha magunia ya mchele huku naimba!

Jirani yangu wa kitanda, mtu wa Bwejuu, akanambia, "Nenda kwetu. Maji yakipwa, pwani inakuwa uwanja, utakimbia mpaka ukome. Shangazi yangu atakupa chumba."

Shangazi mwenyewe alikuwa mjane mfupi, mkavu, sauti yake inafika kabla yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe komando?"

"Bado, shangazi. Lakini ni kama nshakuwa."

"Haya. Na komando anakula nini?"

"Chochote."

"Vizuri, maana ndicho nilichonacho."

Kesho yake nikaanza. Nakwambieni, sijapata kuwa na raha kama ile. Bahari imerudi nyuma kule mbali kwenye mwamba, mchanga mweupe umelala mtupu, na mimi na mabuti yangu nachanja mbuga! Kilichokosekana kilikuwa uzito. Nilijaribu mawe ya juu, ya kijijini, lakini yale yana meno, yakataka kunichania shanta yangu ya mgongoni, na shanta ni mali ya jeshi. Kule chini pwani nikaona vijilundo vya mawe mazuri, yamelainishwa na maji, makubwa kama mapapai. Nikajua bahari imenikusanyia. Nikajaza shanta, nikakimbia nayo mpaka vichakani nyuma ya kijiji, nikayamwaga, nikarudi mbio mtupu kama swala. Siku ya pili mawe mengine. Siku ya tatu mengine. Mapaja yakawa vyuma.

Jioni moja shangazi aliweka sahani chini kwa kishindo.

"Makumbi yangu yanaibiwa pwani! Nimekwenda leo, mashimo mawili matupu! Na mwizi namjua, ni huyo jirani. Nshamwambia kisimani mbele ya watu, mwizi mkubwa wewe!"

Damu ikanichemka. Mimi makumbi ya nazi sikuwa hata na habari nayo, kamba zake nilikuwa nikiziona zimekwisha sokotwa, zinauzwa mjini. Lakini mjane aibiwe, na komando yumo ndani anakula muhogo wake?

"Shangazi," nikamwambia, "niachie mimi. Kesho maji yakipwa nitalala pwani namvizia. Nikimkamata atajuta kuzaliwa."

"Kweli, mwanangu?"

"Kazi yetu hiyo."

Kesho yake nikateremka. Na kwa kuwa sipendi kupoteza wakati, nikajaza shanta kwanza, nikajivika, halafu nikalala kifudifudi kwenye mchanga kama tulivyofundishwa, jicho halipepesi. Jua likanichoma. Kaa wakanipita puani. Hakutokea mtu. Mwisho nikasikia maji yanakanyagwa nyuma yangu. Shangazi huyo, na hatua chache nyuma yake yule jirani aliyeitwa mwizi, mwanamke mnene, amekuja aone mwizi ni nani.

"Umemwona?" shangazi akauliza.

"Bado. Lakini leo hatoki."

"Na hiyo mgongoni?"

"Mawe. Ya mazoezi."

"Umeyatoa wapi?"

"Hapo," nikaonyesha, tena kwa fahari. "Kila siku nachukua mapya."

Yule jirani akakaa kitako kwenye maji, kanga yote ikarowa, akacheka mpaka machozi.

"Mwizi kawekwa alinde! Na mali kaivaa mgongoni!"

Shangazi hakucheka. Alininyooshea kidole shimo lililokuwa wazi miguuni pangu, ndio nikaelezwa. Wanawake wa kule hufukia makumbi kwenye tope la pwani, wakayagandamiza kwa mawe bahari isiyachukue, yakakaa miezi mpaka yakaoza vizuri, ndipo wakayaponda wakasokota kamba. Hicho ndicho chakula chao. Mimi nilikuwa nikiondoa mawe, na maji yakijaa yanabeba makumbi.

"Miezi minane ya kazi yangu," akasema pole pole, na sauti ile ndogo ilinitisha kuliko kelele zake. "Nakwenda kwa mwenyekiti wa tawi la chama. Apige simu jeshini kwenu."

Nikaiona sura ya afande. Nikaliona jina langu linakatwa.

"Shangazi, nakuomba! Mawe ntayarudisha. Yote. Leo."

"Maji yanarudi, na makumbi yaliyobaki yako wazi."

"Na mimi narudi!"

Hapo ndipo nilipofanya mazoezi ya kweli. Toka vichakani mpaka pwani, shanta imejaa, mbio, namwaga, mbio tena, na bahari inakuja. Shangazi kasimama katikati ananiamrisha: "Sio hilo! Hili chini, hilo juu! Gandamiza, huna mikono?" Afande wote niliowahi kuwa nao walikuwa wapole mbele yake. Wanawake wengine wakatoka majumbani kutazama. "Komandooo! Kajiwe kale kamebaki!" Maji yakanifika magotini, yakanifika kiunoni, jiwe la mwisho nililiweka kwa kuzama. Nikaibuka napiga kelele za furaha, nao wakanipigia vigelegele. Siku ile nilijua kuwa hakuna kozi ya kunishinda.

Jioni mwenyekiti akaja mwenyewe. Habari zilikuwa zimeshamfika.

"Nasikia kuna kesi ya askari hapa."

Nikashika ukingo wa kitanda. Shangazi alimtazama, akanitazama.

"Kesi ipi? Huyu mwanangu. Alikuwa ananisaidia mawe."

Mwenyekiti akaaga. Hata hajafika njiani, shangazi akatandaza kiganja mbele yangu.

"Sasa lipa kamba zangu. Na doti ya kanga ya jirani, nlimtukana bure."

"Shangazi, uliyemtukana ni wewe."

"Kwa sababu ya nani?"

Nikampa pesa zote zilizokuwa mfukoni. Zilizobaki alipelekewa na mtoto wa nduguye, yule mwenzangu, siku ya mshahara.

Nikarudi kambini. Tulipangwa mstari, injini ya lori inanguruma, afande akasoma majina ya wanaokwenda kwenye mchujo, na langu alilisoma kamili, halina mkato. Niliruka juu ya lori kabla hajamaliza kulitamka. Kupanda lori lile kulinigharimu, kamba na kanga pamoja, shilingi tisini na nne na senti arubaini.