Nilibatizwa Ili Nimwangushe Nyapara

Mimi nilibatizwa kwa ajili ya kisasi.

Usinitolee macho. Nasimulia ilivyokuwa.

Siku ile nilizamishwa kwenye kisima cha kanisa, utosini mpaka unyayoni, nikaibuka nalia. Akina mama wakapiga vigelegele. Wakasema Roho amemgusa fundi.

Roho gani! Aliyenishika bega la kushoto mle majini, akimsaidia mchungaji, ndiye mtu niliyemchukia kuliko wote chini ya jua. Nilikuwa nalia kwa hasira.

Mimi ni mwashi. Shule niliiacha darasa la tano, mwiko ndio kalamu yangu. Kazi nilifundishwa na kaka yangu. Kwa mama tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa tunajenga jengo la ghorofa tatu, chini ya msimamizi tuliyemwita Nyapara. Sauti kubwa, mkono wa birika. Ukimwomba msumari anakuuliza, "Wa jana umeula?"

Asubuhi hiyo kaka alikuwa juu ya jukwaa, lile la miti na mbao tunalosimamia, anapiga plasta ukuta wa nje. Mimi nilikuwa chini kwenye kapi, nampandishia ndoo. Kamba yangu ilikuwa imelika. Nikamwomba Nyapara mpya.

"Jitafutie," akasema. Hata hakunitazama.

Nikajitafutia. Kazi ikaendelea.

Saa tano hivi, kona moja ya jukwaa ikaachia. Kaka akaja chini pamoja na mbao zake. Hakuomba maji, hakuita mtu. Alipogusa ardhi alikuwa ameshaenda.

Wakaja wachunguzi. Nyapara akajitokeza mbele yao, mbele yangu, akasema kavu kavu:

"Marehemu alikuwa amelewa. Alianza kuchezea kamba za jukwaa. Nilimkataza, hakusikia."

Amelewa! Kaka yangu, ambaye harufu ya pombe tu ilimuumiza kichwa!

Nilimrukia. Walinishika watu wanne.

Ikaandikwa hivyo, jalada likafungwa. Kuanzia hapo mama yangu akawa "mama wa mlevi". Akienda dukani, watoto wa mtaani wanamfuata nyuma wakipepesuka, wakimwigiza mwanawe.

Mama hakuwahi kujibu. Hata mara moja.

Mimi nikaapa.

Mwaka jana nikasikia Nyapara ameokoka zamani, ni shemasi, na mwaka huu atapendekezwa awe mzee wa kanisa. Nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka.

Kanisa lao lina utaratibu. Jina la mzee mtarajiwa linasomwa Jumapili tatu mfululizo. Kila likisomwa, mchungaji anasema, "Mwenye neno juu ya ndugu huyu asimame." Kwa imani yao, mzee ni lazima awe mtu asiye na lawama.

Safi kabisa. Ila anayeruhusiwa kusimama ni mshirika tu. Mgeni anafunga mdomo. Na ili uwe mshirika unamaliza darasa la miezi sita, unakariri mambo tisa wanayoyaamini, halafu unazamishwa.

Nikajiandikisha kesho yake.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mkanda wa kupimia haumtoki shingoni hata Jumapili. Kipengele cha kwanza, Biblia ni neno la Mungu. Cha pili, Mungu mmoja katika nafsi tatu. Cha tatu, kila mtu ametenda dhambi. Hapo niliitikia amina kubwa, nikimuwaza mtu wangu.

Cha nne kikanikwama kooni. Mtu anaokolewa kwa neema, bure, si kwa matendo yake.

"Hata muuaji, mama?"

"Hata muuaji."

"Na mwongo? Aliyemsingizia marehemu?"

"Hata huyo, akitubu. Ndugu, mbona unauliza kama mwendesha mashtaka?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, jino pembe.

Cha tano: Kristo alibeba hukumu isiyo yake, badala yetu.

"Hiki sikielewi," nikamwambia. "Mtu anabebaje kosa la mwenzake? Jengo likianguka, anafungwa aliyejenga."

"Utakielewa siku yake ikifika," akasema. "Kwa sasa kariri."

Nikakariri. Vyote tisa, mpaka kurudi kwa Bwana na hukumu ya mwisho. Hiyo hukumu niliipenda. Nilikuwa naisema kwa sauti nikikoroga saruji.

Nyapara alinitambua siku ya kwanza tu. Alinipa mkono mlangoni. "Karibu, mdogo wangu." Nikaushika. Baadaye nikaenda kuunawa.

Siku ya ubatizo aliniinamia mle majini, akaninong'oneza, "Bana pua, mdogo wangu, maji yasikuingie." Nikawaza: ngoja. Yako yanakuja mpaka shingoni.

Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa kwa mara ya kwanza. Nilikaa kimya makusudi. Nilitaka kwanza aionje ile heshima. Nilitaka mkewe ashone nguo mpya.

Jumapili ya pili, mchungaji akauliza. Nikasimama.

"Mimi ninalo neno."

Kanisa zima likageuka. Nikasema yote. Jukwaa, kaka, uongo, mama yangu na watoto wanaopepesuka nyuma yake. Mfukoni nilikuwa na majina ya mafundi watatu wa kunishuhudia, maana nilijua atakana.

Hakukana.

Alisimama taratibu. "Ndugu yangu amesema kweli. Marehemu hakuwa amelewa. Nilidanganya."

"Kwa nini, ndugu?" mchungaji akamuuliza.

Nyapara akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga.

"Sina la kuongeza."

Akabandua beji yake ya ushemasi, akaiweka kwenye kiti, akatoka nje. Mkewe akamfuata na ile nguo yake mpya, uso kaufunika kwa mikono.

Nisikudanganye: ilikuwa tamu. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Mama nilimkuta anakunja nguo kitandani. "Mama, leo nimemmaliza Nyapara! Mbele ya kanisa zima! Amekiri mwenyewe!"

Shati likamponyoka mkononi.

"Umefanya nini?"

"Nimelisafisha jina la kaka."

"Amesema kwa nini alidanganya?"

"Aseme nini? Ameufyata."

Mama akapiga magoti, akavuta sanduku lake chini ya kitanda. Akatoa kifurushi cha gazeti kuukuu, akakifungua mbele yangu.

Kipande cha kamba. Nailoni ya bluu, urefu wa mikono miwili, ncha imekatwa kwa kisu.

"Unaijua hii?"

Naijua? Mikono yangu iliijua kabla ya kichwa.

Jitafutie, alisema. Nami nikajitafutia. Kona ya jukwaa ilikuwa imefungwa kamba mbili. Nikaona moja inatosha. Nikakata nyingine, nikaiunga kwenye kapi, nikampandishia kaka yangu ndoo. Vurugu za ile ajali zikaisomba kumbukumbu yote, au mimi ndiye niliyeiacha isombwe. Mpaka leo sijui.

"Nyapara aliifungua kwenye kapi lako kabla wachunguzi hawajaiona," mama akasema. "Siku ya tatu ya msiba akaniletea. Hakuwa malaika, mwanangu. Alikunyima kamba, na hilo lilimliza mpaka nikamwonea huruma. Akaniambia, 'Mama, wa kwanza ameshaenda. Wa pili hakujua alifanyalo, lakini nikisema ukweli atafungwa. Bado naweza kubadili maneno yangu. Amua wewe.'"

"Na wewe..."

"Nikaamua. Marehemu hafungwi." Akaanza kuifunga ile kamba upya kwenye gazeti lake. "Nikamwapisha asikwambie hata siku moja. Nilijua ukijua utajinyonga. Ningebaki na nani?"

Miaka kumi na moja wanamwita mama wa mlevi, naye anainamisha kichwa, anapita. Na mimi niko pembeni nanoa kisu.

Sikulala siku mbili. Ya tatu nikamfuata Nyapara kazini kwake. Nilimkuta anapanga matofali.

"Kwa nini hukunitaja pale kanisani? Ungejiokoa!"

"Nilimwapia mama yako." Hakuacha kupanga matofali. "Halafu na mimi kamba nilikunyima. Lawama ninayo. Nipishe, mdogo wangu, nina kazi."

Jumapili ya tatu jina lake halikusomwa. Nikasimama hivyo hivyo, bila kuulizwa, kamba mkononi. Nikasema yote, tangu kukata mpaka kubatizwa kwa hila. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele.

Nilijua watanifukuza. Badala yake yule mama fundi cherehani akanyanyuka, mkanda wake shingoni.

"Ndugu, kipengele cha tano. Umekielewa sasa?"

Nikaitikia kwa kichwa tu, kama mtoto.

Kesho yake nilipeleka maelezo yangu kunakohusika, kwa miguu yangu. Yatakayokuja nitayabeba. Mtaani habari zimefika. Watoto hawapepesuki tena nyuma ya mama. Jina la mlevi limefutika, na mahali pake wameandika langu.

Ni haki.

Wewe unayesoma hapa huku unamnolea mtu kisu, sikiliza maneno ya mwashi asiye na shule. Kabla hujasimama na neno lako, muulize mama yako ana nini kwenye sanduku.