Mkulima Aliyeleta Sifuri

Haya, chekeni, najua mtacheka, lakini aibu niliyoona siku ile Ruiru hata mama yangu sijamwambia, na mama yangu ndiye namwambia hadi nikinunua soksi.

Mimi huandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, peke yangu, kwa chumba kimoja pale Kiganjo. Chama fulani cha wakulima wa maziwa, chenye ofisi Ruiru, kilinipa kazi ya kutengeneza tovuti yao, na ndani yake niweke dashibodi, yaani grafu ya kuonyesha kila mkulima ameleta lita ngapi kila siku, na ukibonyeza nukta inafunguka maelezo. Wakiipenda wangeniajiri, na nilikuwa nimeshaona meza nitakayopewa hapo ofisini, karibu na wasichana wa kupima maziwa, ambao hucheka tangu asubuhi. Haki hiyo meza niliitaka kuliko mshahara.

Sasa, takwimu za maziwa zikachelewa. Ningeweza kubuni namba zozote tu, lakini nikajipalia makaa, nikatumia zangu: nilikuwa na mazoea (msiniulize) ya kuandika kila siku nimeongea na watu wangapi, na tumeambiana nini. Nikatengeneza grafu ya majaribio, nikaibandika ndani ya ukurasa, ikakubali. Maziwa yalipofika nikatengeneza grafu ya kweli, nikaiangalia peke yake, nje ya ukurasa, nikapendezwa, nikalala. Kubadilisha ile anwani moja inayouambia ukurasa uonyeshe grafu gani, ndio ya kweli itokee, nikasahau.

Siku ya kuonyesha kamati ya chama, mwenyekiti, Mwalimu Wanjiru (alistaafu lakini bado husoma kila kitu kwa sauti, hata kibao cha choo), akafungua ukurasa kwenye skrini ya ukutani. Juu kumeandikwa "Lita kwa siku". Chini ni jina langu, Kamau, Kiganjo: mbili, moja, moja, sifuri, sifuri.

"Huyu ng'ombe wake ni mgonjwa," mzee mmoja akasema. "Atumiwe daktari wa mifugo."

"Pengine hamlishi," mwingine akajibu, na wote wakamhurumia huyo ng'ombe kweli kweli.

Nilitaka kusema ni kosa la mtambo, lakini Mwalimu alikuwa ameshabonyeza nukta, akasoma kwa ile sauti ya darasani: "Ijumaa. Moja. Mama mboga ameniuliza kama anikatie sukuma wiki. Nimesema eeh." Akabonyeza nyingine. "Jumapili. Sifuri. Nimepigia huduma kwa wateja, imejibu mashine, sijahesabu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wasichana wa maziwa walikuwa mlangoni, mmoja akaangalia viatu vyake. Nikabadilisha anwani hapo hapo, maziwa ya kweli yakatokea, wakasema kazi ni safi.

Wengine walipotoka, Mwalimu akabaki. "Kijana wangu, kazi umepata. Unaweza kuifanyia kwako, ama uje ukae na sisi hapa. Unataka gani?"

Jamani, alikuwa ananipa ile meza mkononi. Lakini nilikuwa nimeaibika, sikutaka ionekane ni ya kuhurumiwa, nikajifanya mwanaume.

"Niko sawa, Mwalimu. Napenda kufanya kazi peke yangu, kelele hunisumbua."

"Sawa basi," akasema, akafunga mkoba wake.

Tangu hapo nikijaribu grafu natumia ng'ombe wa uongo, na nimeapa siku mtu akiniuliza tena kama nataka kukaa na wenzangu, nitasema nataka kabla hajamaliza swali. Ripoti huwa natuma kila wiki. Mwalimu hujibu, "Imefika, asante," na hajauliza tena.