Dereva wa application alimuumiza binti yangu, wakatuletea kreti za Fanta

Asalaam aleikum wakuu, na wengine wote bwakeye.

Mi nilikuwa nasema kila baraza kwamba hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la tano. Nilianza kwa kuosha magari ya watu, leo nina taxi tano zinatembea Bujumbura, na hakuna mjomba aliyenipa hata tairi.

Basi nilishangaa. Binti yangu, hapa tumuite Zaina, ameisoma hii yote kabla sijaiweka. Amekubali.

Ana miaka ishirini na tatu, anafanya kazi farmasi kule Kigobe. Siku moja saa nane mchana aliita gari kwa application ya simu. Dereva, badala ya kushuka kwetu Buyenzi, akakata upande wa Carama, kule mashambani, akafunga milango.

Alichomfanyia sitakiandika. Mnaelewa.

Zaina alikuwa na akili kuliko sisi wote. Hakuja nyumbani kuoga. Alienda hospitali na nguo zilezile, daktari akaandika karatasi, kisha polisi. Yule mbwa akashikwa kesho yake.

Sasa mnajua desturi yetu. Siku ya tatu wakaja wazee sita na kreti nne za Fanta kuomba musamaha. Ukinywa, umesamehe, yamekwisha. Mbele yao mwenye ile gari ya dereva, tumuite Haruna. Tuko naye chama kimoja cha wenye taxi.

"Baba Zaina, kijana ameteleza. Tunywe, tuandike arrangement, aibu ibaki ndani ya nyumba."

Ameteleza! Kama ni ganda la ndizi!

Nikamwambia, "Haruna, gari ni yako. Na wewe utajibu."

Akacheka, wakuu. Akatoa karatasi mfukoni. "Mi? Mi napokea versement yangu, hesabu ya siku, jioni, basi. Soma hapa: mwenye gari hahusiki na lolote atakalofanya dereva. Na hii nani aliitunga, patron? Si wewe?"

Kweli. Ile karatasi niliitunga mi mwenyewe, miaka mingi nyuma, ili dereva wangu akigonga mutu nisisumbuliwe. Nilijisifu nayo sana. Chama kizima waliifotokopi.

Na niwaambie ukweli wa Mungu, mkono wangu ulikuwa umeshashika chupa.

Zaina akatoka chumbani. "Papa, ukifungua hiyo, umefungua ya kwako. Mi sijasamehe mutu."

Kreti zikarudi zilikotoka.

Tukaenda kwa avocat, wakili, mama mmoja bado kijana. Alinielewesha. Kumfunga dereva ni kesi ya serikali. Lakini Zaina ana haki yake kando: anaingia partie civile kwenye kesi ileile, anadai fidia ya matibabu, ya mishahara aliyokosa, ya maumivu. Na hadai dereva peke yake, ambaye hana hata kiti. Anamdai na patron aliyempa gari. Hata wenye application, wanaokata asilimia yao kila safari halafu wanajifanya wao ni simu tu!

"Na ile karatasi, Maître?"

"Zaina aliisaini?"

"Apana."

"Basi ni maneno yenu na madereva wenu, haimfungi abiria. Ila juge lazima aone kwamba patron ndiye anaamuru. Nani atamueleza mnavyofanya kazi?" Akaniangalia. "Lakini ukisema, mzee, kesho abiria wako nao watakudai hivyohivyo."

Nikasema. Kule mahakamani, kwenye tribunal, Haruna na nusu ya chama wamekaa nyuma yangu. Nikasema tunawapigia madereva simu kutwa nzima, saa ya kutoka tunapanga sisi, tukitaka tunawafukuza. Nikasema ile karatasi ni uongo, na muongo ni mi.

Tulipotoka nje mmoja akanipigia kelele, "Msaliti! Unaua mkate wetu!"

"Mutoto wako apande kwanza, ndiyo tuongee mkate."

Dereva alipata kifungo. Fidia juge aliwaandikia wawili, yeye na Haruna. Haruna amekata rufaa, hatujashika hata sumni, na wale wa application bado tunasumbuana nao. Zaina alisoma karatasi ya tribunal mara mbili, akaikunja, Jumatatu akarudi farmasi. Hadi leo haingii gari asilolijua. Nampeleka mi.

Wakuu, likimfika mutu wenu: hospitali kabla ya kuoga, ile safari kwenye simu msiifute, na avocat kabla ya Fanta. Nanyi wenye magari mliofotokopi karatasi yangu, ichaneni. Madereva wangu watano wote sasa wana contrat ya kweli, na nimewauliza kila mmoja alikotoka. Zamani sikuwahi kuuliza.

Mwenye la kwake aliandike hapa chini, hata la kunitukana. Chama kimenifukuza, na wanaulizana mitaani yule fundi wa maneno ule ukweli wake ulimlipa kiasi gani.

Nawajibu. Avocat, tribunal, contrat na assurance za madereva watano: nimelipa mi, faranga 4.385.000.