Nilimnyima Baba Mkwe Jina kwa Sababu ya Besiboli

Nimekosa. Naanza hapo ili mtu asije akanibembeleza eti nilikuwa na haki, eti mwanamke akiwa na uchungu wa kuzaa hahukumiwi. Haki niliyokuwa nayo ni ya kumrushia mume wangu chupa ya maji usoni. Hiyo sikuifanya. Nilimpiga mzee aliyekuwa mbali, ambaye hajawahi kunikosea hata kwa neno moja.

Jina langu silitaji, na ya wengine nimeyabadilisha. Tunaishi Richfield, huku Minnesota, Amerika, ndege zinapita juu ya paa mpaka tunanyamaza kidogo halafu tunaendelea na maneno. Nilimaliza kidato cha nne nyumbani Kenya, nikaja huku, na kazi yangu ni kuosha na kulisha wazee kwenye nyumba moja huko Plymouth. Wazee wa watu nawatunza kama mayai. Wa kwangu ndiye niliyemvunja. Woi!

Wacha nieleze hii besiboli, maana bila hiyo hamtaelewa upuzi wenyewe.

Mume wangu, Baba Wambui, ana kaka yake mkubwa anayekaa Blaine, kwenye zile nyumba mpya ambazo bila gari huwezi kununua hata chumvi. Zamani wakiwa wanafunzi waliuza njugu pamoja kwenye uwanja wa besiboli wa huku mjini. Waliingia wakitafuta karo, wakatoka na ugonjwa. Kwenye huo mchezo kuna mtu anasimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja, anarusha mpira, mwenzake anajaribu kuupiga kwa rungu. Huyo mrushaji wanamwita pitcha. Basi ugonjwa wa hao wawili ni pitcha.

Kila Jumapili baada ya kanisa swali ni lile lile: ni pitcha gani aliyefika kilele cha juu kuliko wote? Si nani alidumu, hapana. Kilele! Ile miaka mtu anarusha na hakuna anayemgusa.

Mume wangu yuko na mmoja wa zamani, wa mkono wa kushoto, aliyewaka miaka michache kama moto wa nyasi, halafu akaacha akiwa bado kijana kwa sababu kiwiko kilikuwa kimekwisha. Shemeji yuko na mwingine, mdogo wa mwili, mtu wa visiwani, aliyerusha wakati wapigaji walikuwa wakimeza dawa za kujaza misuli na bado akawafanya waonekane watoto wa nasari. Hao watu hawawajui! Hawajawahi hata kuwasalimia! Lakini chapati zangu zinapoa mezani wakiwatetea kama wamechangia damu.

Nilivumilia. Nikashika mimba ya pili, nikavumilia.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza anaitwa jina la baba wa baba yake. Wa pili ndiye wa baba wa mama. Halina mjadala. Na si jina tu, ni mzee mwenyewe anazaliwa tena. Wambui, binti yetu wa kwanza, ni mama mkwe, mtu mzima na ushungi wake. Huyu aliyekuwa tumboni alikuwa Mwangi, baba mkwe, ambaye sote nyumbani tunamwita Guka, yaani babu.

Guka alinipenda. Tangu daktari aseme ni mvulana, alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na hakuwa akiuliza habari ya mtoto. Alikuwa akiuliza habari yake mwenyewe.

"Mama Wambui, mimi naendeleaje huko?"

"Unapiga mateke, Guka."

"Nakusumbua?"

"Sana. Jana umenikalia kwenye mbavu."

"Nivumilie, mama. Nikifika nitatulia."

Anacheka mpaka anakohoa. Nami nacheka. Kituoni wanakopeleka majani chai alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba anazaliwa Amerika, na kwamba safari hii anakuja na meno yote.

Huyo ndiye mtu niliyemfanyia hivi.

Uchungu ulinishika alfajiri. Shemeji akaja na gari kutoka Blaine, akamwacha Wambui kwa mke wa mchungaji, akatuletea begi hospitalini. Kuleta begi ni vizuri, asante. Toka basi! Shemeji wa mtu anafanya nini kwenye chumba cha kuzalia? Alijiona mwenye adabu kwa sababu alisimama nyuma ya pazia. Miguu yake naiona chini ya pazia, viatu vyeupe kama vya mchezaji, na mdomo wake haulali.

"Kilima cha kurushia kilikuwa juu siku hizo!" anasema huko nyuma ya pazia. "Hata wewe ungetisha watu ukirusha mpira kutoka juu ya meza."

"Na wenzake walirushia shimoni?" mume wangu anajibu, mkono wangu uko ndani ya mkono wake. "Si kilima kilikuwa kile kile? Mbona hawakuwa yeye?"

"Wa kwangu alirusha dhidi ya majitu!"

"Wa kwako alirusha akipumzika siku nyingi kama bwana harusi!"

"Baba Wambui," nikasema, "nipe maji."

"Ngoja, mama. Huyu amesema neno la kijinga, siwezi kuliacha hewani."

Ngoja! Kiuno kinapasuka, naambiwa ngoja!

Nesi akaja kunipima, mama wa makamo, mzungu wa huku huku Minnesota. Nikamtazama kama mkombozi. Akauliza hawa wanagombana nini. Akaelezwa. Akacheka, akasema wote wawili ni vipofu, mkubwa kuliko wote ni mwingine kabisa, naye wa mkono wa kushoto, aliyerusha hapa hapa mjini kwetu, alimwona kwa macho yake. Basi wakaanza upya, sasa wakiwa watatu!

Nilipiga kelele moja ambayo nadhani ilisikika Saint Paul. Ndipo wakanyamaza.

Mtoto alipokuwa anatoka mume wangu alikuwa amenishika, hiyo simnyimi. Alilia. Akasema, "Baba amefika." Nikasahau yote. Aki nilisahau. Mtoto kifuani, mdogo, amekunja uso kama mzee aliyenyimwa chai, nikamwambia, "Karibu, Guka."

Hamkusikia vibaya. Nilimwita Guka. Kwa mdomo wangu.

Halafu mlango ukafunguka kidogo. "Bwana," shemeji anaita, "njoo haraka, nimeipata video ya ile mechi! Njoo uone mwenyewe kama huyo wako angeweza!"

Mume wangu akanitazama. Akasema, "Dakika moja." Akaenda.

Akaenda! Sijafutwa damu vizuri, mtoto hajajua baba yake ananukaje, na mtu ameenda kutazama mechi iliyochezwa wakati yeye mwenyewe alikuwa anachunga mbuzi!

Sijui nilikaa hapo kwa muda gani. Hasira zilipanda kutoka miguuni. Ndipo akaingia dada wa hospitali anayeandikisha watoto, mpole, anatabasamu. Mtoto anaitwa nani?

Nikasema, "Njoroge."

Njoroge ni baba yangu mimi.

Akaniuliza linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, na kila herufi ilinipa raha. Ndiyo ungamo lenyewe hilo. Sikuteleza ulimi, sikulewa dawa. Nilijua ninachofanya. Nilitaka mume wangu arudi akute ameporwa, ajue kwamba nami naweza kurusha.

Akarudi anang'aa, kaka yake nyuma yake. "Ameshindwa! Amekubali mwenyewe kwamba ule mwaka mmoja..."

"Mtoto anaitwa Njoroge," nikasema. "Nimeshaandikisha."

"Shemeji, wacha mzaha," kaka yake akacheka.

"Kamuulize pitcha wako kama ni mzaha."

Mume wangu hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti, akashika magoti. Akasema, "Ungenitukana mimi. Ungenifukuza. Kwa nini baba?" Shemeji akamgusa bega, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini nikasikia, "Ni hasira za uzazi, zitapita."

Kama kulikuwa na mlango wa kurudi, hapo ndipo nilipoufunga kwa teke. Hasira za uzazi! Nikasema zipite au zisipite, jina ni hilo.

Na wakati huo huo simu ikalia. Simu ya video, ya nyumbani.

Huko Kenya jua lilikuwa tayari linashuka. Guka amekaa uani kwenye kiti cha mkono, amevaa koti la harusi za watu na kofia mpya ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Majirani wamejaa nyuma yake na vikombe vya chai mkononi. Wazee wenzake wa kituo cha majani wako pale. Kuna mama ameshaanza kupiga vigelegele.

"Mama Wambui!" akaita. "Nimefika?"

Mume wangu akaanza kulikunja upya blanketi la mtoto. Shemeji akaangalia viatu vyake vyeupe. Wanaume wawili ambao wanaweza kuongea kutoka ibada mpaka giza, na hakuna aliyekuwa na neno!

Nami ningeweza kusema ndiyo. Neno moja. Halafu tungerekebisha makaratasi hata siku ile ile, nani angejua?

Nikamgeuza mtoto atazame simu. Nikasema, "Guka, huyu ni Njoroge."

Vigelegele vilikatika. Kuku mmoja alisikika huko uani. Guka alivua kofia polepole, akaiweka gotini, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Ni sawa," akasema. "Njoroge ni mtu mzuri. Mungu amkuze." Akampa mtu simu, nikaona nyasi, halafu nikaona miguu ya watu ikiondoka.

Nilishinda! Mnaona nilivyoshinda?

Baba yangu alipiga simu kabla sijatoka hospitalini. Nilidhani angalau yeye atafurahi. Aliniuliza, "Nilikutuma?" Akaendelea, "Umenikalisha kwenye kiti cha mwenyewe, na mwenyewe amesimama anatazama. Sasa nitapita wapi nikienda sokoni, na soko letu ni moja?" Mpaka leo hajaomba kuonyeshwa mtoto. Mama ndiye anayemwonyesha picha kwa nguvu.

Mtasema, jina si linabadilishwa? Nilisema hivyo hivyo. Hasira zilipotulia nililia, nikampigia Guka mwenyewe, nikamwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti jikoni ingawa hanioni. Nikamwambia tunabadilisha. Akakataa.

"Jina si shati, mama. Mtoto ameshavaa la mwenzangu. Tusimvue mbele ya watu."

Bado anapiga simu kila Jumapili. Hiyo ndiyo inayoniua. Angetukana ningepona. Anauliza, "Njoroge hajambo?" Namjibu hajambo. "Asante, mama." Basi. Sauti yake ni ile ya mtu anayeulizia ng'ombe wa jirani. Wambui, ambaye Kiswahili anaelewa lakini anajibu kwa Kiingereza chake, aliniuliza juzi kwa nini Guka siku hizi hachezi ule mchezo wa kusema yeye ndiye mtoto. Nilimwambia anywe maziwa.

Na hao wawili? Jumapili kadhaa walikula chapati zangu zikiwa moto. Nikadhani wamejifunza. Jumapili iliyopita nasikia sebuleni, "Lakini ukiangalia ule mwaka wake wa mwisho..." Nilitoka jikoni na mwiko. Nikawaambia: nyinyi mnapima kilele cha watu wasiojua kama mko duniani, na baba yenu mzazi alikuwa na kilele chake, siku moja tu, kwenye kiti, na kofia mpya, na watu wake wote wanamtazama. Mimi nilimwangusha. Lakini nyinyi mlikuwa wapi? Mlikuwa mnatazama video!

Mume wangu akazima tivii. Shemeji akatafuta funguo za gari. Mwiko nilibaki nao mimi.

Sitawasamehe leo. Kesho pia sijui. Lakini lao ni lao na langu ni langu, na langu ni kubwa kuliko lao.

Wewe dada unayesoma hii na kifua kinakuchemka, nisikilize. Mume akikukera, mkere mume. Mwagia mume maji, mfungie nje, mwambie kaka yake usoni kwamba ni mpumbavu, mimi nitakushika mkono. Lakini usinyooshe hasira zako mpaka kwa mtu asiyekuwepo, kwa sababu ni mzee na unajua hatarudisha. Yule ndiye aliyekuwa akiniuliza kama ananisumbua.

Nasubiri Jumapili. Nitamwambia tena Njoroge hajambo.