Kilio cha Mtoto Kwenye Spika

Waliotengeneza upya lile gemu waliniudhi tangu siku ya kwanza, na sitajifanya mpole. La zamani nililicheza nikiwa chuoni hapa Garissa, kwenye kompyuta ya kuazima. Mwanamke anaingia katika hospitali iliyohamwa, anamtafuta mtoto anayelia, na kila ukumbi umejaa ukungu. Baadaye nilisoma kwamba ukungu ule uliwekwa kwa sababu kompyuta za enzi hizo hazikuwa na nguvu ya kuonyesha ukumbi mzima. Unyonge wa mashine ndio uliotutia hofu. Sasa wamelisafisha, wamelipaka rangi, na ukungu umekuwa anasa. Ukitaka kuuona, uwe na mashine ya tajiri.

Yangu ni ya wastani. Niliinunua kwa kazi yangu ya kuchora mabango ya maduka na kadi za harusi, na kwa kazi hiyo hainisumbui. Kwa gemu hili ilitoa moto kama jiko. Nikaifungua ubavu, nikaielekezea feni, nikapunguza vivuli, nikapunguza mng'ao wa maji sakafuni, na bado picha zilikatakata. Mwishowe nikauzima ukungu wenyewe. Basi mazimwi ya mle hospitalini, yaliyoninyima usingizi chuoni, yakawa yamesimama katika ukumbi mweupe, wazi kabisa, kama mbuzi wanaosubiri mnunuzi sokoni. Nilicheka kwa hasira.

Lakini niliendelea kucheza, kila siku baada ya adhuhuri, maduka yanapofungwa kwa joto na watu wamejinyoosha. Mle ndani kulikuwa na mwanamke anayemtafuta mtoto, na hakuna aliyemwambia aache.

Wangu alifariki kabla hatujamaliza arobaini. Homa tu. Asubuhi ananyonya, jioni anazikwa. Wanawake waliokuja kunipongeza walirudi kunipa pole, na kabla chai haijapoa walikuwa wamemaliza. "Samir iyo iimaan," walisema, subira na imani. Mtoto ni ndege wa peponi. Sikatai, naamini hivyo pia. Ila mtu akikuambia jambo la kweli ili tu unyamaze, linauma kuliko uongo. Matanga yalipokwisha, hakuna aliyelitaja jina lake tena. Mume wangu alirudi kazini, katika zahanati huko Dagahaley. Mama akaja kukaa nami. Nguo za mtoto zikatoweka kabatini bila mtu kuniuliza. Na kwetu mama humwita mwanawe "hooyo", yaani mama, vilevile kama mwana anavyomwita yeye. Kutwa nzima naitwa mama, katika nyumba isiyo na mtoto! Nilitamani kuupiga ukuta ngumi.

Spika zangu za masikioni ziliharibiwa na vumbi, nikawa natumia zile za mezani. Mchana mmoja yule mtoto wa kwenye gemu alilia kwa muda mrefu, kilio cha mtoto mchanga hasa, chenye kukatika pumzi. Nilipogeuka nilimkuta mama mlangoni, ametoka usingizini, shungi limemwanguka mabegani.

"Hooyo, nani analia?"

"Ni gemu, hooyo. Ni kompyuta hii."

Hakuitazama skrini. Alirudi kinyumenyume mpaka sebuleni, na nikamsikia akimpigia simu shangazi, dada ya baba, tunayemwita eddo, ambaye katika ukoo wetu hakuna jambo lisilopitia kwake.

Kesho yake shangazi aliingia chumbani kwangu, mama akimfuata, nikiwa katikati ya gemu, na jagi la maji yaliyosomewa Kurani, na dabqaad, kile chetezo cha udongo, makaa yamewaka na ubani wa uunsi unafuka. Alitaka kuyamwaga maji juu ya kompyuta. Nililishika jagi kwa mikono miwili.

"Eddo, hii ina umeme! Itakuua wewe kabla ya hilo jini lako!"

Basi maji akaninywesha mimi, na chetezo akakiweka sakafuni, mbele ya matundu ya mashine, kwa sababu alidhani sauti inatokea hapo. Kazi ya feni za ndani ni kuvuta hewa, zikavuta moshi wote. Ukatokea juu, ukatokea nyuma, ukamwagika kwenye ule ubavu ulio wazi. Ukungu nilioshindwa kuupata kwenye skrini ukajaa chumbani bure.

"Allahu akbar! Linatoka!" shangazi alipiga kelele. "Mnaona? Linatoka lenyewe!"

Mashine ilishindwa na joto, ikazimika. Kilio kikakatika. Shangazi akajifuta jasho kwa furaha. "Alhamdulillahi, umepona. Sasa takataka hii itoke nyumbani kesho."

Hapo nilipasuka.

"Hakuna jini! Mtoto wangu amekufa! Mmezificha nguo zake, mmelimeza jina lake, na sasa mnanipokonya hata mahali pekee ambapo kuna mtu anayemtafuta mtoto!"

Nilimfokea dada ya baba yangu uso kwa uso, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na sijalijutia hata leo. Yeye akamgeukia mama. "Astaghfirullah. Unasikia? Bado kipande kimebaki."

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anakitazama kile kioo cheusi.

"Niliposikia kile kilio," akaniambia, "sikufikiri ni cha mtoto wako. Nilidhani ni wangu."

Sikumwelewa. Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba.

"Kabla yako, tulipokuwa Bura. Msichana. Nilikatazwa kumlilia, nikaambiwa nitaharibu maziwa ya atakayekuja."

Hasira niliyokuwa nayo kwa ajili yangu ilikuwa ndogo mbele ya hii mpya. Nina dada! Nina dada aliyezikwa Bura, na mama amekaa naye peke yake kifuani tangu kabla sijazaliwa, akitupikia, akituchekea, akituita hooyo.

"Anaitwa nani?" nikamwuliza.

Mama akafungua mdomo, kisha akamtazama shangazi kwanza.

Nilikibeba chetezo, nikamshika shangazi mkono, nikamtoa nje, nikafunga mlango.